Panda wa China na watu wanaokaa naye

(Mazungumzo haya yalitolewa jioni katika chumba cha kusomea, mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Tunajua huu ni wakati wa palizi na kila mtu amechoka. Hatutawaweka hadi usiku.

Mtakumbuka kwamba mwezi uliopita tulitundika kalenda ukutani humu. Kalenda ile ina picha ya mnyama mweupe mwenye masikio meusi, miguu myeusi, na weusi kuzunguka macho. Watu walibishana sana. Wengine walisema ni mbwa. Wengine walisema ni nyani aliyenenepa. Mama mmoja akasogea, akasoma maneno ya chini, akatuambia: "Hapa pameandikwa panda." Watu wakacheka. Apande nini? Mahindi au mti?

Ndipo mzee mmoja, ambaye leo amekaa pale karibu na dirisha, akauliza swali. Alisema hivi: "Nasikia mnyama huyo analindwa kama mwana wa mfalme. Je, watu wanaokaa karibu naye wanapata nini?" Kicheko kikaisha. Sisi tunaokaa upande huu wa Serengeti tunajua swali hilo linatoka wapi. Tembo wakilimaliza shamba lako usiku, asubuhi huna hamu ya kusikia habari za uzuri wa tembo.

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulikwenda kusoma. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Panda ni jamaa ya dubu. Dubu ni mnyama mkubwa mwenye manyoya mengi, na hapa kwetu hayupo. Panda wa porini anapatikana nchini China peke yake, katika milima ya mikoa mitatu: Sichuan, Shaanxi na Gansu. Ni milima ya baridi na ukungu, yenye misitu na mianzi mingi. Panda mzima ana uzito kama wa gunia la mahindi, yaani kilo 100 hivi, na wengine huzidi. Jina lake si la Kiswahili, lakini halikukosea sana, kwa maana yeye ni hodari wa kupanda miti.

Chakula chake ni mianzi. Mianzi tunaijua. Tunasukia matenga, na ndugu zetu wa Iringa hugema ulanzi. Panda yeye anaila: majani, machipukizi, hata shina. Kwa siku moja hula kilo 12 hadi 38. Hebu fikirini mtu amebeba mzigo wa mianzi kichwani kutoka bondeni. Mzigo huo ni chakula cha panda mmoja cha siku moja tu.

Kwa nini anakula hivyo? Kwa sababu tumbo lake si la mla majani. Ng'ombe na mbuzi wana tumbo lenye vyumba vinne. Wanakula, halafu wanalala kivulini wanacheua. Panda hacheui. Tumbo lake ni la mla nyama, kama la dubu wenzake, na utumbo wake ni mfupi. Kati ya kila kilo sita anazokula, mwili wake unafaidi kama kilo moja tu. Zilizobaki hutoka. Ndiyo maana anakaa anakula saa kumi kwa siku, hata zaidi.

Mwaka 2015 wataalamu wa China walitangaza jambo jingine. Walikuwa wamepima nguvu ambazo mwili wa panda unatumia kwa siku. Wakakuta anatumia chini ya nusu ya nguvu ambazo mnyama wa ukubwa wake angetazamiwa kutumia. Ini lake ni dogo, figo ni ndogo, ubongo ni mdogo, na ile tezi ya shingoni inayochochea mwili kufanya kazi imepunguza moto. Basi ukimwona amekaa kitako anatafuna polepole, usimwite mvivu. Anabana matumizi, kama sisi tunavyobana unga mwezi wa Februari.

Sasa tuulize: watu walijuaje mambo haya? Panda anajificha. Unaweza kukaa msituni majuma mengi usimwone.

Mwaka 1978 mtaalamu mmoja wa China, Hu Jinchu, pamoja na wenzake waliweka kambi katika hifadhi ya Wolong, mkoa wa Sichuan. Hawakumwona panda, lakini waliona kinyesi chake. Wakakifuata. Panda anapotafuna mianzi hukata vipande, na vipande hivyo hutoka karibu kama vilivyoingia. Urefu wa vipande hutofautiana kati ya panda mdogo na mkubwa, na kati ya panda huyu na yule. Bwana Hu akavipima, akaandika. Kwa njia hiyo waliweza kukadiria umri wa panda na kuwatofautisha, bila kuwaona.

Msicheke. Mchungaji mzuri huangalia kinyesi cha ng'ombe kila asubuhi, akajua nani mgonjwa. Tofauti ni kwamba wale waliandika: tarehe, mahali na urefu, mwaka hadi mwaka.

Mwisho wa mwaka 1980 akaja kuungana nao mtaalamu kutoka Marekani, George Schaller. Huyu bwana si mgeni kwetu. Kuanzia mwaka 1966 hadi 1969 alikaa hapa hapa Serengeti akiwafuata simba, na kabla ya hapo aliwafuata sokwe wakubwa wa milimani huko Kongo. Yeye na Wachina waliwakamata panda wachache, wakawavika shingoni mkanda wenye redio ndogo, wakawaachia. Redio ikalia usiku na mchana. Ndipo ikajulikana kwamba panda hatembei mbali sana, na kwamba hula mchana na hula usiku.

Sasa sikilizeni kosa moja, maana sisi tumejifunza zaidi kwenye makosa kuliko kwenye sifa.

Zamani, mtu akikuta mtoto wa panda peke yake pangoni au ndani ya tundu la mti mkubwa, alimhurumia. Alisema mama yake amemtupa. Alimchukua, akampeleka kwa wakubwa, na pengine akashukuriwa. Katika miaka ya 1980 mwalimu wa Chuo Kikuu cha Beijing, Pan Wenshi, pamoja na wanafunzi wake, walianza kukaa katika milima ya Qinling wakiwafuata panda wenye watoto. Wakaona kwamba mama akishazaa hukaa siku nyingi na mtoto kifuani, hata chakula haendi kutafuta. Baadaye njaa inamzidi. Anamweka mtoto chini, anakwenda kula, anakaa saa nyingi, na mtoto akishakua kidogo mama anaweza kukawia hata zaidi ya siku moja. Kisha anarudi.

Kumbe mama alikwenda shambani tu! Wale watoto walioitwa yatima, baadhi yao walikuwa wameibwa na watu wenye huruma.

Jambo kama hilo lilitokea pia kwa habari ya njaa. Mianzi ya aina moja huweza kukaa miaka mingi bila kuchanua. Siku ikichanua, huchanua yote mlima mzima, kisha inakufa. Katika miaka ya 1975 na 1976 mianzi ilikufa hivyo katika milima ya Minshan, na mizoga ya panda wasiopungua 138 ilionekana. Kwa hiyo mwaka 1983, mianzi ilipochanua tena kwingine, watu waliogopa. Fedha zikachangwa, panda wakakamatwa ili wakalishwe. Schaller na wenzake wakaangalia panda wenye redio. Wakaona kwamba palipokuwa na mianzi ya aina nyingine, panda walihamia huko, wakaendelea kula. Hatari kubwa iko pale ambapo mashamba na barabara zimekata njia, panda hana pa kuhamia.

Habari ya uzazi wake tutaisema kwa kifupi, ingawa tunajua akina mama wangependa tukae hapo. Panda jike hupata joto mara moja kwa mwaka, na siku anazoweza kushika mimba ni mbili au tatu tu. Ukizikosa, ngoja mwakani. Mtoto huzaliwa na uzito wa gramu 100 hivi, kama kipande cha sabuni ya kuogea, haoni, hana manyoya ya maana. Mama ana uzito wa mara mia tisa kuliko huyo mtoto. Akizaa mapacha, na huzaa mapacha mara nyingi, kwa kawaida porini humlea mmoja, mwingine hufa.

Katika bustani za wanyama panda walikataa kuzaana kwa muda mrefu. Mtoto wa kwanza alizaliwa katika bustani ya Beijing mwaka 1963. Mwaka 1978, hapo hapo Beijing, alizaliwa wa kwanza kwa uhimilishaji, yaani ile kazi ya bwana mifugo ya kumtia ng'ombe mbegu kwa mrija. Lakini watoto wengi walikufa. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2000 madaktari wa China na Marekani waliwapima panda 61 wa kufugwa, mmoja mmoja: damu, meno, mbegu, kinyesi. Wakakuta wengine wamedumaa, wengine wana maradhi ya tumbo, wengine wanapewa chakula kisichofaa, mianzi kidogo mno. Wakarekebisha chakula. Wakajifunza kupima mkojo ili kuijua siku ya kupandisha. Na kwa mapacha wakafanya ujanja: mtoto mmoja ananyonya kwa mama, mwenzake yumo kwenye sanduku la joto. Baada ya muda wanawabadilisha. Mama analea wawili. Mwaka 1987 kituo cha Chengdu kilianza na panda 6 walionusurika porini. Mwishoni mwa mwaka 2023 panda wa kufugwa duniani walikuwa wamefika 728.

Haya, sasa tumjibu mzee.

Hifadhi ya Wolong ilianzishwa mwaka 1963, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi hekta 200,000. Lakini ndani yake mlikuwa na watu, maelfu, wengi wao wa makabila ya Watibeti na Waqiang. Walilima mahindi, viazi na kabichi. Walifuga nguruwe. Baridi ya kule ni kali, kwa hiyo kila nyumba ilihitaji kuni za kuota moto, za kupikia chakula cha watu, na za kupikia hata chakula cha nguruwe. Watoto wakakua, wakaoa, wakajenga nyumba zao. Kila nyumba mpya, meko mapya.

Mwaka 2001 wataalamu walioongozwa na Liu Jianguo walitoa taarifa iliyoshtua watu. Walilinganisha picha zilizopigwa kutoka angani miaka mbalimbali. Wakaona kwamba msitu mzuri wa panda ndani ya Wolong ulipotea upesi zaidi baada ya kuwa hifadhi kuliko kabla. Yaani hifadhi maarufu kuliko zote za panda ilikuwa inaliwa na meko. Watalii nao waliongezeka, wakahitaji hoteli, nyama na kuni.

Tafadhali msikimbilie kuwalaumu wale wanakijiji. Nani kati yetu atamwacha mtoto atetemeke kwa sababu ya mnyama? Na fedha za watalii, utafiti mwingine ulionyesha kwamba sehemu kubwa ilikwenda kwa watu wa nje ya hifadhi. Mkulima wa Wolong aliambulia kidogo. Hilo, mzee wetu, ndilo jibu la swali lako kwa miaka ile.

Kisha mwaka 1998 mto Yangtze ulifurika. Maelfu ya watu walikufa. Serikali ya China iliona kwamba milima iliyokatwa miti haiwezi kushika maji, ikapiga marufuku kukata magogo katika misitu ya asili ya sehemu za juu za mto ule. Kuanzia mwaka 1999 ikaanza mpango wa kuwapa nafaka na fedha wakulima wa miteremko mikali, ili waache kulima huko na wapande miti. Pale Wolong kila kaya au kikundi cha kaya kikapewa kipande cha msitu cha kulinda. Wakaguzi wakija wakikuta hakuna mti uliokatwa kwa wizi, kaya inalipwa. Akikata jirani, wewe unakosa malipo, kwa hiyo jirani akamwangalia jirani. Umeme nao ukapunguzwa bei ili watu waache kuni.

Picha za miaka iliyofuata zilionyesha msitu unarudi.

Je, shida ziliisha? Hapana. Msitu uliporudi karibu na mashamba, nguruwe mwitu walirudi nao, wakala mahindi na viazi. Na kuna kisa cha farasi. Baadhi ya wakulima wa Wolong walisikia kwamba farasi wana bei nzuri. Wakanunua, wakawaachia msituni wajilishe, ili siku ya shida wauzwe. Kama sisi na ng'ombe, benki yetu inayotembea. Wataalamu wakawavika farasi nao mikanda ya shingoni. Wakaona farasi wanakwenda pale pale panda anapopenda, miteremko ya taratibu yenye mianzi, na wanaila kwa kasi hiyo hiyo. Panda wakahama. Baada ya taarifa hiyo farasi walipigwa marufuku. Sisi tunaona marufuku ile ilikuwa ya lazima, lakini aliyeuza farasi wake kwa haraka hakufurahi, na hatutajidai kwamba alifurahi.

Idadi ya panda porini inasemaje? Hesabu ya miaka ya 1980 ilipata 1,114. Iliyofuata, iliyokwisha mwaka 2003, ilipata 1,596. Iliyotangazwa mwaka 2015 ilipata 1,864. Tukumbuke kwamba namna ya kuhesabu ilibadilika, na eneo lililotafutwa lilipanuliwa, kwa hiyo si wote walioongezeka ni waliozaliwa. Hata hivyo mwaka 2016 shirika la dunia la kuhifadhi viumbe lilimwondoa panda katika orodha ya walio katika hatari kubwa, likamshusha ngazi moja. Mwaka 2021 China ikaunganisha hifadhi nyingi kuwa hifadhi moja ya taifa ya panda, yenye kilomita za mraba 22,000 hivi. Serengeti yetu ni 14,763. Kazi iliyobaki ni kuunganisha misitu, maana ile hesabu ya mwaka 2015 iliwakuta panda wamegawanyika mafungu 33, na mengine yana panda wachache sana.

Wanyama wengine hawakupata bahati hiyo. Taarifa ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba chui, mbwa mwitu wa kule na wanyama wengine wala nyama wametoweka katika hifadhi nyingi za panda. Aliyelindwa alikuwa panda.

Tumalizie na maradhi, kwa sababu hapo ndipo habari hii inapoingia nyumbani kwetu.

Panda wa porini husumbuliwa sana na minyoo. Lakini mwishoni mwa mwaka 2014 ulizuka ugonjwa mwingine katika kituo kimoja cha kufuga panda mkoani Shaanxi. Panda walitokwa na makamasi, wakakohoa, wakatetemeka na kuanguka. Ulikuwa ugonjwa wa mbwa uitwao distempa. Panda 6 waliugua, 5 wakafa. Aliyepona alikuwa amechanjwa zamani.

Wazee waliomo humu wataukumbuka ugonjwa huo kwa jina jingine. Mwaka 1994, hapa Serengeti, simba walikuwa wakianguka na kutetemeka, na watu walisema wamelogwa au wamelishwa sumu. Ilikuwa distempa. Walikufa simba kama 1,000, yaani theluthi moja ya simba wote wa Serengeti. Wataalamu waliwatazama mbwa wa vijijini, ndipo ikaanza kazi ya kuwachanja mbwa dhidi ya distempa na kichaa cha mbwa. Baadaye wamegundua kwamba virusi hivyo vinaweza kuzunguka pia kwa wanyama wengine wa porini, kwa hiyo mbwa wetu si wakosaji peke yao. Lakini mbwa aliyechanjwa kichaa hamwambukizi mtoto wako. Hiyo ni faida ya mwenye mbwa, simba awepo asiwepo.

Mama mmoja ametuuliza hapa mlangoni kama chanjo inaua mbwa wadogo, kwa sababu mbwa wake alikufa baada ya kuchanjwa. Hatutaki kumjibu kwa kukisia. Tumeandika swali lake, pamoja na tarehe ya kuchanjwa na tarehe ya kufa, tutampa bwana mifugo.

Daftari liko mezani kwa katibu wa darasa. Kila mwenye mbwa aandike jina lake, idadi ya mbwa, na umri wao kama anaujua. Asiyeweza kuandika vizuri bado, aje na mtoto, lakini jina aandike mwenyewe. Katibu atalifunga daftari Jumamosi jioni, ili dozi ziletwe za kutosha. Kalenda tunaiacha ukutani.